Kilo Mbili za Pumba

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka minne mwenye homa, na nilimnywesha robo lita ya dawa. Alikuwa mtoto wa kwenye karatasi, Mungu ni mwema, na dawa ilikuwa ya kwenye karatasi pia. Swali lilisema kwamba katika kila mililita tano za dawa ile mna miligramu mia moja ishirini na tano. Daktari ameagiza miligramu mia mbili na hamsini. Je, muuguzi ampe mtoto mililita ngapi? Muuguzi, yaani mimi, hakusita. Aliandika mia mbili na hamsini, akapiga mistari miwili chini ya jibu kama tulivyofundishwa sekondari, kisha akaenda kuangalia chai isimwagike.

Niliipiga picha karatasi hiyo nikamtumia ndugu yangu mdogo, ambaye anafanya kazi kiwandani huko Mlolongo na ndiye aliyekuwa akinifundisha hesabu kwa simu, saa ya chakula cha mchana. Alinipigia kabla sijaipua chai.

"Sista," akasema, "hiyo dawa unampa mtoto ama unamwosha nayo?"

"Kwani jibu ni ngapi?"

"Kumi."

"Kumi ya nini?"

"Mililita. Vijiko viwili vidogo. Wewe umempa kikombe kizima cha chai."

Nilijitetea. Daktari amesema mia mbili na hamsini, nami nimetoa mia mbili na hamsini. Kama kuna kosa, aulizwe daktari. Upande wa pili nikasikia mashine zikinguruma na mtu akimwita aje kula.

"Sawa," akasema. "Siku nikigonjeka, mnipeleke Kitui, mbali na wewe."

Nieleze hapa kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo wanamaanisha kwamba wanapenda familia. Mimi namaanisha kwamba sipendi kuvaa viatu. Nyumba yetu iko juu kidogo ya barabara inayotoka Masii, na kutoka mlangoni naona kila ninachohitaji kuona: zizi la ng'ombe mmoja, tangi la maji, ua wa mikonge, na nyuma ya ua, bati jipya la jirani yangu. Nairobi nimewahi kufika. Nilirudi jioni hiyo hiyo. Watu wanasubiri mji mpya ujengwe Konza. Mimi huwa nasubiri maji yachemke.

Aliyenitoa kwenye raha hiyo ni mwaitu, yaani mama. Ndivyo tunavyomwita kwetu. Alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea, tukakaa hospitalini mpaka nikawajua wauguzi kwa nyayo zao. Huko nilijifunza kumgeuza, kumlisha bila chakula kumpalia, kubadilisha shuka akiwa bado ameilalia. Siku moja muuguzi mmoja mtu mzima alisimama mlangoni akaniangalia nikifanya kazi hiyo.

"Umesomea wapi?"

"Sijasomea mahali."

"Basi kasome, uache kutufanyia kazi bure."

Alisema akaenda zake na toroli lake la dawa. Nadhani alisahau kabla ya kufika kitanda cha pili. Mimi nilirudi nyumbani na maneno yale kama mtu aliyerudi na kijiwe ndani ya kiatu, na mimi kiatu chenyewe sikipendi.

Chuo cha uuguzi kilichokuwa kikitafuta wanafunzi kiko Machakos mjini. Kinachukua watu mara moja kwa mwaka, na mtu yeyote mwenye cheti cha kidato cha nne anaweza kufanya mtihani wa kuingia, awe mbichi au awe kama mimi. Kiingereza sikukiogopa. Baiolojia nilikuwa nimeisomea kando ya kitanda cha mwaitu. Hesabu ndiyo ilikuwa mlango wenyewe, na mlango huo niliwahi kuubamiza: alama yangu ya hesabu kidato cha nne, mwalimu aliisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matanga. Nikikosa mwaka huu ningengoja mwaka ujao, na ubaya wa kungoja ni kwamba kila mwaka mimi naongeza mwaka, na wale ninaoshindana nao wanabaki na miaka kumi na minane.

Kwa hiyo nilianza kusoma, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kukaa. Maisha yangu yote nilidhani mtu wa nyumbani ni mtu anayekaa. Kumbe nilikuwa nikizunguka tu, ila kwa mduara mdogo. Nikifanya swali moja la sehemu, nafagia uwanja. Nikikwama, natafuta mayai ambayo hakuna kuku aliyeyatangaza. Nikirudi mezani, kiti kimepata moto, naenda kuhamisha kuni kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule. Wiki ya asilimia niliufagia uwanja mpaka mizizi ya mti wa ndimu ikatokeza.

Mwaitu alikuwa akinitazama kutoka kiti chake cha barazani. Maneno yake siku hizi hutoka polepole, lakini hayatoki ovyo.

"Huo mchanga," akasema, "umekukosea nini?"

Ndugu yangu alikuwa na subira ya mtu aliyelipiwa, ingawa hakuna aliyemlipa. Siku moja aliniuliza nukta tano na nukta mbili tano, gani kubwa. Nikamwambia nukta mbili tano.

"Kwa nini?"

"Ishirini na tano ni nyingi kuliko tano."

"Haya. Nusu chapati na robo chapati, gani kubwa?"

"Nusu, bila shaka."

"Sasa hiyo nusu ndiyo nukta tano. Na hiyo robo ndiyo nukta mbili tano."

"Si ungesema kutoka mwanzo ni chapati."

Tukaenda kwenye uwiano. Akasema nisiogope, uwiano ni isyo. Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kwetu ndicho chakula chenyewe, vingine ni maandazi ya wageni.

"Mwaitu alikuwa anaweka mahindi mikebe mingapi kwa mkebe mmoja wa maharagwe?"

"Inategemea mwezi."

"Mwezi gani tena?"

"Tukishavuna, miwili kwa mmoja. Mwezi wa kumi, maharagwe yanapita tu kusalimia."

"Sista, kwa mtihani hakuna mwezi wa kumi."

Nikaelewa uwiano. Nikaelewa hata asilimia, kwa kiasi, kama mtu anavyoelewa lugha ya wakwe. Lakini ile dawa ya homa ilikataa. Nilikuwa nimekariri kanuni: kiasi unachotaka, gawanya kwa kiasi ulichonacho, zidisha kwa maji yake. Ningeweza kuiimba. Ila sikuiamini. Kila nilipoandika kumi nilijiuliza zile mia mbili na arobaini nyingine zimeenda wapi, na kama kuna mtu atakuja kuziulizia.

Ilinichukua muda kujua ugonjwa wangu ulitoka wapi. Ulitoka sokoni.

Kwetu nafaka haipimwi kwa mizani. Inapimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, na mkebe huo kila mtu anauita kilo mbili. Kilo mbili ya ndengu, kilo mbili ya mahindi, kilo mbili ya pumba za kuku. Muuzaji anajaza, anaongeza kilima juu mpaka kianze kumwagika kandokando, na mnunuzi haangalii mkebe, anaangalia kilima. Kilima kikiwa kizuri, biashara imeisha. Jirani yangu, yule wa bati jipya, ni mjane aliyelea watoto wake wote kwa mkebe huo katika soko la Masii, na tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kujaza magunia yake. Alikuwa akiniita mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, jina analopewa dada. Kwa hiyo nimekua ndani ya mkebe. Kichwani mwangu chombo na uzito vilikuwa kitu kimoja: ukishajua kimejaa kiasi gani, umejua kina uzito gani. Mtu aliyelelewa hivyo, mpe mililita na miligramu, atazichukua kuwa pacha.

Niliponea kwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa nimepeleka mahindi, foleni ilikuwa ndefu, na nimeshasema kwamba sijui kukaa. Pale kwenye mashine kuna mizani ya kupimia nafaka kabla haijasagwa, na pembeni kuna rundo la pumba zinazobaki mahindi yakikobolewa kuwa muthokoi. Mkebe wetu wa nyumbani ulikuwa ndani ya kikapu. Nikaujaza mahindi, na kilima chake, nikaumimina kwenye sahani ya mizani. Mshale ukaenda karibu na mbili. Nikarudisha mahindi guniani, nikajaza mkebe ule ule pumba, na kilima chake kizuri tu. Mshale haukufika hata moja. Nikapiga mizani kofi, nikarudia. Haukufika.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea kichwani, ila ni kama mtu aliyefungua dirisha katika nyumba niliyokaa miaka yote. Mkebe ni kitu kimoja, na uzito ulio ndani yake ni kitu kingine. Mkebe ni mililita; mshale ni miligramu. Kila kitu kina uzito wake wa mkebe mmoja, na hilo ndilo la kuuliza kwanza. Dawa ya homa: mkebe wake ni mililita tano, ndani mna mia moja ishirini na tano. Nataka mia mbili na hamsini. Mikebe miwili. Kumi. Zile mia mbili na arobaini hazikuenda mahali popote, hazikuwahi kuwako.

Mtu mwenye akili angeenda nyumbani na furaha yake. Mimi niligeuka nikamwona jirani yangu ameketi kwenye benchi na wanawake wengine, na kando yake mwanamume mmoja aliyenunua shamba karibu nasi na kuanza kufuga kuku wa mayai, mteja wake mkubwa wa pumba. Mashine ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo nilipaza sauti niishinde.

"Kumbe kilo mbili yako ya pumba haifiki hata kilo moja."

Mwenye mashine alichagua dakika hiyo kuizima. Maneno yangu yalitembea peke yao kutoka ukuta hadi ukuta, yakawasalimia watu wote kwenye benchi.

"Kumbe," akasema yule mwanamume wa kuku, taratibu.

Jirani yangu aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyejikojolea kanisani.

"Wewe ulifikiri ni kilo kweli?" akaniuliza. "Miaka yote hiyo?"

"Mimi niliona mnasema kilo mbili."

"Mkebe ni mkebe. Nani hapa hajui mkebe ni mkebe?"

Wanawake wote wakaitikia kwa vichwa kwamba wanajua. Tulikuwa wawili tu tusiojua, mimi na mwenye kuku, na mimi sikuwa na hata kuku wa kutosha kunipa kisingizio. Nilitaka kumweleza kwamba hayo hayakuwa mashtaka, kwamba nilikuwa nazungumzia dawa ya homa ya mtoto wa miaka minne, lakini mashine iliwashwa tena na maelezo yangu yakasagwa pamoja na mahindi ya watu.

Siku ya soko iliyofuata, mwenye kuku alikuja na mizani ya kuning'iniza. Akapima pumba zake mkebe kwa mkebe mbele ya watu, akadai nyongeza mpaka zifike kilo mbili kweli. Wengine wakaanza utani. Mtu akinunua ndengu anauliza, "Hii ni kilo ya mkebe ama kilo ya mashine?" Jirani yangu, ambaye hakuwa amemdanganya mtu maisha yake yote, alirudi nyumbani akiwa na sura ya mtu aliyekamatwa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliacha tu kuniita mwiitu wa mwaitu. Asubuhi akipita kwenye ua wa mikonge, alimsalimia mwaitu, akamsalimia hata ng'ombe, akanipita mimi kama mti. Nilimkuta mara moja kwenye kioski cha maji, nikaanza, "Nilikuwa nataka kukuambia..."

"Ambia mizani," akasema, akainua mtungi wake.

Na hapa ndipo hesabu iliponikaba. Mwaitu hawezi kuachwa peke yake kutwa nzima. Alikuwa ameshaanguka mara moja akijaribu kuinuka mwenyewe kando ya jiko. Ndugu yangu aliomba ruhusa kazini akanyimwa. Aliyekuwa ameahidi kukaa naye siku ya mtihani ni jirani, tena aliahidi zamani, wakati bado nilikuwa dada yake. Sasa sikujua kama ahadi ilikuwa hai. Kazi ilikuwa ndogo tu, kuvuka ua na kuuliza. Nilienda hadi kwenye mikonge na maneno yangu mdomoni, nikarudi nayo. Nilienda tena na bakuli la isyo, nikakuta amefunga mlango, nikaila mwenyewe njiani. Ile kanuni ya dawa nilikuwa nimeshaielewa, sehemu nilikuwa nazijumlisha bila kufagia, na sasa nilikuwa nikielekea kukosa chuo kwa sababu ya pumba.

"Muulize," ndugu yangu alisema kwa simu.

"Ataniambia niulize mizani."

"Basi uliza mizani, lakini uliza."

Sikuuliza. Mtihani uliangukia siku ya soko, na siku ya soko jirani yangu huondoka mapema na magunia yake hata kukiwa na mvua. Nilimwogesha mwaitu, nikamnywesha uji, nikampa vidonge vyake vya presha, nikavaa gauni la kanisani na viatu. Kisha nikaanza kutembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye lango, kutoka lango hadi mlangoni. Nilisimama nikasikiliza upande wa pili wa ua, sikusikia kitu. Nikaingia ndani nikakagua kama jiko limezimwa, na jiko halikuwa limewashwa tena tangu uji. Nikatoka. Nikarudi kumpa mwaitu blanketi. Nikatoka. Nikarudi kuliondoa kwa kuwa jua lilikuwa limefika.

"Enda," akasema mwaitu. "Mimi siendi mahali."

"Siwezi kukuacha hivi."

"Nani amesema unaniacha? Mimi ndio nakutuma."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilishaanza kupanga namna ya kumwambia ndugu yangu, na nilishavua kiatu cha kushoto, na nitakuwa mkweli: mguu ule ulifurahi. Kitu kimoja ndani yangu kilisema mwaka umepotea, na kingine, chepesi, kikisema, haya, si hata umejaribu, washa moto sasa. Sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili nilichokiogopa zaidi.

Lango likalia. Jirani yangu akaingia na ungo, mfuko wa ndengu, na leso mabegani, akavuka uwanja bila haraka.

"Habari ya asubuhi, mwaitu. Umeamkaje?"

"Nimeamka," akasema mama.

Akavuta kigoda, akakaa kando ya kiti cha mama, akamimina ndengu kwenye ungo na kuanza kuzipepeta. Hakunisalimia. Akasema, akiwa ameangalia ndengu, "Hicho kiatu kingine utakipeleka mtihani kwa mkono?"

"Leo si ni soko?" nikauliza.

"Soko iko na mizani siku hizi. Wacha wapimane."

Nikaanza kumweleza vidonge vya mchana, cha rangi ya waridi kabla ya chakula, cheupe baada, na kwamba maji yasiwe baridi, na kwamba asimwinue kwa mkono wa kulia. Akainua kiganja kama askari wa barabarani.

"Mtihani utaanza bila wewe," akasema.

Nilivaa kiatu nikaenda.

Ukumbi wa chuo ulijaa vijana waliokuwa na kalamu tatu tatu na ngozi zisizo na wasiwasi. Binti aliyekaa mbele yangu aligeuka akaniuliza kwa adabu kama mimi ndiye msimamizi. Nikamwambia laiti. Karatasi zikagawiwa, vikokotoo vikakusanywa, na kwa muda wote ule nililazimika kufanya kitu ambacho sikuwahi kufanya tangu nianze kusoma, yaani kukaa. Hakukuwa na uwanja wa kufagia. Miguu yangu ilifagia chini ya meza mpaka msimamizi akaja kuangalia ni nini.

Sehemu zilikuwako, nikazijumlisha. Nukta zilikuwako, nikazifanya chapati. Kulikuwa na asilimia moja niliyoizunguka mara nyingi kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa, mwisho nikaiacha. Kisha dawa ikaja. Safari hii mgonjwa alikuwa mzee: katika kila mililita mbili mna miligramu hamsini, apewe miligramu sabini na tano. Mkebe wake ni mililita mbili, nikajiambia. Ndani mna hamsini. Anataka sabini na tano. Mkebe mmoja na nusu. Tatu.

Nikaandika tatu. Ilionekana ndogo mno kwa mtu mzima. Nikaifuta. Nikapiga hesabu upya, ikaja tatu. Nikaiandika, nikaiangalia, nikamfikiria mzee yule akiwa amelala, upande wake mmoja umelegea, akiningoja mimi niamue. Nikaifuta tena. Mara ya mwisho karatasi ilitoboka, kwa hiyo jibu langu nililiandika pembeni, na mshale mrefu kutoka kwenye tundu, ili mtu ajue muuguzi huyu ametoroka ila hajapotea.

Niliporudi nyumbani, jua lilikuwa limeinama upande wa vilima vya Iveti. Ndengu zilikuwa zimepepetwa, zimewekwa kwenye mfuko, mawe madogo kando. Jirani yangu alikunja leso, akasema chai iko kwa thamosi, akaenda kwake. Hakuniuliza mtihani ulikuwaje. Niliushukuru mgongo wake.

Nikangoja. Kungoja kwangu mnakujua sasa. Kuni zilihama kuta zote nne. Simu ikilia, naruka. Ni kampuni ya simu inanipongeza kwa kitu nisichokitaka. Wakati huo mwenye kuku alichoka kubeba mizani yake, akarudi kwenye mkebe na kilima kama watu wengine. Siku moja nilivuka ua nikakaa na jirani yangu kupukuchua maharagwe. Hakunifukuza. Ikawa hivyo siku kadhaa, tukipukuchua tu. Kisha akanituma nimletee gunia, akaniita mwiitu wa mwaitu, na hakuna aliyelitaja jambo lile tena.

Ujumbe ulinikuta hapo hapo uwanjani kwake, na maharagwe mapajani. Nikausoma. Nikausoma tena.

"Nani amekufa?" jirani yangu akauliza.

"Nimeitwa. Chuo. Wanasema nimepita, niripoti."

"Na mbona umekaa sura hiyo?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba chuo ni cha kulala huko huko, nyumbani nitakuwa nakuja mwisho wa wiki peke yake. Ndugu yangu alishampata mapema binti wa shangazi atakayekuja kukaa na mwaitu, lakini binti huyo ni mgeni, hajui mwaitu anapenda mto upande gani. Yeye jirani mwenyewe, tukipukuchua, alikuwa ameahidi kwamba nikichukuliwa atakuwa akija kumwangalia asubuhi na jioni, lakini ana soko lake. Na vidonge. Na ng'ombe yuko karibu kuzaa. Na usiku mwaitu akikohoa ni mimi ninayejua ni kikohozi cha maji au cha baridi. Labda niwaombe chuo waniwekee nafasi hadi mwaka ujao, hali ikiwa imetulia kidogo. Mama amenizoea mimi, nikasema. Hawezi kutulia nikiwa mbali. Nilipofika hapo nilikuwa nimesimama, na maganda yote yalikuwa yameanguka chini, na nilikuwa nimeshaanza kuyafagia kwa mguu.

Jirani yangu aliendelea kupukuchua mpaka ganda alilokuwa nalo likaisha.

"Ile siku ulienda mtihani," akasema, "ndio mama yako alilala mchana vizuri, maana hakukuwa na mtu wa kumuuliza kila saa kama amelala."